Mkwe Chini ya Turubai

Ijumaa, 12 Agosti 1988

Nimejiunga na kwaya. Sijui kuimba, lakini Nasipwondi anaimba, na kesho kwaya inalala melini, huko kwenye visiwa karibu na Mbita. Mpango uko tayari: jua likichomoza namwomba anioe. Yaani, tuoane!

Kikwazo ni Joram, naye anamtaka Nasipwondi: mtu wa Ahero, sauti nzito, kifua mbele. Leo ameniambia mbele ya watu nifungue mdomo tu, sauti nimwachie yeye. Ngoja!

Jumamosi, 13 Agosti

Balaa! Meli imeshaondoka Kisumu, ndipo namwona mamake Nasipwondi kwenye benchi, kikapu miguuni. Amekuja na akina mama wa kanisa.

Kwetu Bungoma, na akina Nasipwondi ni wa huko huko, mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Sasa ziwani kichaka kiko wapi? Najua, bado sijaposa. Lakini moyoni nilishaposa kitambo! Nikajitupa chini ya turubai, katikati ya kreti za soda.

Joram je? Amembebea kikapu. Amemshika mkono. Wamekula samaki wa ngege sahani moja, wakicheka. Nimekwisha mimi. Na njaa hii!

Jumapili, 14 Agosti

Meli ilitia nanga kati ya Rusinga na Mfangano. Alfajiri nikainua turubai kidogo. Mungu wangu!

Ziwa limetulia, kimya kabisa. Visiwa kila upande, kimoja nyuma ya kingine, ukungu umevifikia kiunoni. Mbali huko, taa za wavuvi wa omena zinazimwa moja moja. Kwaya yote ilisogea ukingoni kutazama, hata Joram. Miaka sita niko Kisumu, na sikujua kitu kama hiki kipo! Nikalia, nasema kweli. Nikasahau njaa, nikasahau kuposa. Nikasimama wima, turubai kichwani, nione vizuri.

Macho kwa macho na mama mkwe!

Nikapiga yowe, nikafunika uso, nikarudi chini mbio. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Joram akatangaza kwamba mimi ni mwendawazimu. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa amejifunika uso kwa leso.

Jumatatu, 15 Agosti

Nasipwondi amenifuata soko la Kibuye, ninakouza mitumba. Eti mamake ameuliza yule kijana aliyejificha ni wa nani, maana ana adabu, anajua mkwe ni nini. Na Joram? Mama anampenda sana, lakini aliyekula naye sahani moja ni mtoto wake sasa. Ni kaka! Nasipwondi mwenyewe anasema aliniona nikilia kwa ajili ya visiwa, akanipenda hapo hapo. Ai yaya!

Babake ananiita Jumamosi, anione uso kwa uso. Nisipotokea, nisahau binti yake.

Nimecheka tu. Hapo ndipo wengine wanaharibu, wanatokea! Nimepita nyuma ya nyumba yao jioni hii. Kuna banda la kuku. Nikikunja magoti, linanitosha.