Sauti Iliyotangulia Basi

Jumatatu, 3 Machi

Muujiza, au msiba. Mwongozaji wetu wa basi la watalii ameumia goti, na Meneja ameniteua mimi, karani wa tiketi, nishike nafasi yake hadi Ijumaa. Nikifaulu, kazi ni yangu. Nikishindwa sina pa kurudi: dirisha langu la tiketi amepewa binamu yangu, naye ameshauzoea mto wa kiti changu. Mama ametangazia mtaa mzima.

Nimesoma kanuni mara nne. Kuketi basi likitembea. Kukagua mikanda. Kuhesabu abiria kila kituo, kwa kugusa mgongo wa kila kiti. Hayo nayaweza. Lakini kuongea! Mbele ya watu ishirini na wanne! Nikitazamwa na watatu tu, ulimi hugeuka ubao.

Nimepata dawa. Nitarekodi maelezo yote kwenye simu, nimejifunika blanketi. Kesho nitaiegemeza kwenye kipaza sauti na kuchezesha midomo. Nani atajua?

Jumanne, 4 Machi

Wamejua wote.

Dakika kumi za kwanza, peponi. Kisha tukakuta barabara imefungwa, dereva akakata kona kupitia nyuma ya soko. Sauti yangu haikukata kona. Iliwaalika wageni watazame kulia, waone mlango waliopitia wakuu wote wa mji huu. Kulia kulikuwa na choo cha umma. Akatoka mzee mmoja akikaza suruali. Wakampiga picha, kwa heshima kubwa. Akawapungia mkono.

Kisha nikapiga chafya, na maelezo yakaendelea bila mimi.

Dereva kaniambia, “Mdogo wangu, hata kasuku huchungulia dirishani kwanza.”

Jumatano, 5 Machi

Binamu kaja kunipa pole. Eti kesho Meneja atapandisha mkaguzi basini, kimyakimya, kama abiria wa kawaida. Kaniomba nisiseme kaniambia yeye. Kisha kauliza kama dirisha lile huwa linaingiza mvua.

Mkakati: nitamtambua mkaguzi, nimhudumie yeye. Wengine watajisimamia.

Alhamisi, 6 Machi

Nilimtambua mara moja. Mama wa makamo, kiti cha nne, miwani, daftari. Mkanda wake niliukagua mara sita. Kipaza sauti nilikizima, nikamnong'oneza maelezo yeye peke yake. Wa nyuma walipolalamika kwamba hawasikii, niliwaomba wasitusumbue. Kila niliposema, aliandika. Moyo ukatulia.

Bustanini walishuka, wakapanda. Nilihesabu kutoka pale mbele, jicho moja likiwa kwake, bila kugusa kiti chochote. Ishirini na wanne. Kamili! Tukaondoka.

Robo saa baadaye pikipiki ikatupita kwa fujo. Nyuma yake kaketi mzee wa kandambili, abiria wetu tuliyemwacha bustanini, akipunga kofia. Nilikuwa nimejihesabu na mimi.

Akapanda. Akaketi. Akafunga mkanda mwenyewe. Akatoa kalamu na fomu ya ukaguzi.

Mama wa kiti cha nne alikuwa akimwandikia dada yake barua. Niliuona mstari wa mwisho aliposhuka: “Kijana huyu ananitisha.”

Ijumaa, 7 Machi

Meneja hakufoka. Heri angefoka. Kasema kosa la maneno watu hucheka likaisha, lakini mtu aliyeachwa njiani si kichekesho. Leo ni mzee mwenye nauli ya pikipiki, kesho ni mtoto wa mtu. Nilitazama viatu vyangu. Ana haki. Sijawahi kujionea aibu hivi.

Amenipa nafasi moja. Kesho saa nne nijieleze mbele yake, mkaguzi na dereva. Wakiridhika, nitabaki, walau stoo. Wasiporidhika, nirudi kwa Mama, ambaye bado anapokea pongezi. Meneja kasisitiza: anataka toba itoke kinywani mwangu.

Watu watatu! Wote wakinitazama!

Nimetafakari sana. Nimejuta kwa dhati. Toba yenyewe imetoka vizuri mno, dakika nne, chini ya blanketi. Simu itakaa mfuko wa shati. Midomo nimeifanyia mazoezi kwenye kioo.

Safari hii sitapiga chafya.