Jina Nakuachia

Jumatatu, 14 Julai

Baridi ya kukata masikio. Naandikia jikoni, daftari gotini, mkono mmoja motoni. Shule sikwenda. Herufi nilizipata utu uzima, kisomo cha parokia, na kila moja imekaa kichwani ilivyotaka yenyewe.

Jambo ni hili. Mjukuu wangu Oliva, niliyemlea mwenyewe hapa Majengo tangu mama yake alipofariki, amejifungua mtoto wa kike. Sasa ana miezi miwili. Kitukuu wangu wa kwanza! Mzuri mpaka natamani kumng'ata. Jumapili hii anabatizwa, na mimi nataka aitwe Kunegunda. Parokia nzima tulikuwa Kunegunda watatu. Mmoja tulimzika wakati wa Kwaresima. Wa pili amejiita Neema na kufungua saluni. Nimebaki mimi. Siku nikizikwa, jina linazikwa nami. Sikubali.

Kikwazo ni Lidwina. Huyo ni bibi yake Remmy, mume wa Oliva. Anakaa Mpitimbi, peke yake kama mimi. Naye anataka mtoto aitwe Lidwina! Jana kaleta kishali cha mtoto amekitarizi herufi L, kubwa kama jembe. Nikamuuliza hiyo L ya nini. Akasema ni ua. Ua!

Mchana redio ikasema wakubwa wa nchi mbili wamejifungia hotelini wiki tatu wakigombania mpaka, na sasa mambo yamekwenda vizuri kwa sababu kila upande umelegeza. Sikuelewa. Mimi nikilegeza kamba, mbuzi anaingia kwenye maharage ya jirani na natukanwa. Hao wakilegeza wanapigiwa makofi. Kesho nitamuuliza Valence.

Jumanne, 15 Julai

Valence alikuwa katibu wa chama cha ushirika miaka mingi. Wanunuzi wa mahindi walikuwa wakimwona wanatoka jasho. Nilimkuta anaota jua, nikamwambia anieleze kulegeza.

Alieleza hivi. Ukitaka kitu kimoja, usikiombe kimoja. Omba vitano, vinne kati yake usivyovitaka. Halafu unaviachia kimoja kimoja, uso wa huzuni, kama unang'olewa jino. Mwenzako ataona haya. Ataona umempa vingi. Cha tano atakuachia mwenyewe.

Nikamuuliza kwa nini nisiseme tu kwamba nataka jina. Akasema hivyo ndivyo wanavyosema watoto. Nikamuuliza kama serikali nazo hufanya hivyo. Akasema serikali, mabalozi, mwenye duka, muuza nyanya, wote. Basi nilirudi nyumbani kichwa kinazunguka. Miaka yote naona watu wamevaa suti, kumbe wanafanya mambo ya gengeni!

Nikakaa nikatafuta vitu nisivyovitaka. Havikuwa vigumu kupatikana. Sherehe ifanyike kwangu: sitaki, uwanja wangu upana wake kama kanga na mgongo unaniuma. Kwaya ya Mpitimbi ije kuimba: Mungu aniepushe, wale wanajua kuanza, kumaliza hawajui. Mbuzi wa sherehe akae kwangu mpaka siku yenyewe. Egidi, kaka yake Lidwina, awe mshereheshaji: huyo akishika kipaza sauti anasimulia maisha yake tangu alipoachishwa ziwa. Na mwisho kabisa, kwa sauti ndogo, jina.

Nimempigia Lidwina simu, nikamsomea yote. Akasema atafikiri. Nimeshaanza kufanya mazoezi ya uso wa huzuni.

Jumatano, 16 Julai

Amekubali!

Yote manne! Kwa pumzi moja! Anasema nina moyo mkubwa, mkwe wake, kwamba yeye alikuwa anataka kuniomba hayo hayo akaona aibu. Habari ya jina, anasema tutaongea.

Sasa mimi naachia nini? Nimeshika mkono mtupu. Nilijaribu kumwambia kwamba ya sherehe naweza kumwachia yeye. Akasema hapana, hapana, asingethubutu kuninyang'anya. Nikasema kwaya hata isije. Akasema wameshaanza kufanya mazoezi, na wamenitungia wimbo.

Nilikwenda kwa Valence mbio, kanga imefunguka njiani. Akakuna kidevu muda mrefu. Akasema kosa ni la kipimo. Nilidai vidogo. Mtu hukubali vidogo ili asiguse kikubwa. Niongeze.

Saa tatu asubuhi mbuzi kashuka kwenye bodaboda, kakaa katikati ya dereva na Egidi kama abiria aliyelipa nauli. Kufika saa sita amekula pazia la sebuleni. Nilimfokea. Akanitazama kama mimi ndiye mgeni.

Alhamisi, 17 Julai

Remmy na Oliva wamekuja na mtoto. Nikawaeleza mpango wangu wote. Hawakunicheka. Watoto wenye adabu. Remmy alisikiliza ameinamisha kichwa, halafu akauliza, taratibu, kama katika hayo masharti nimeweka turubai. Sikuweka! Akasema turubai ni sharti zito, bibi. Na viti. Na spika kubwa mbili. Oliva alikuwa mlangoni ananyonyesha, akasema mbona keki mmeisahau, ya ghorofa mbili. Nikawakumbatia wote. Angalau nina watu upande wangu.

Nikampigia tena Lidwina. Nikasema bila turubai hakuna mazungumzo. Viti. Spika. Keki ghorofa mbili. Na kwaya yote ilale kwangu Jumamosi, watu ishirini na sita! Hilo la mwisho nililitia mwenyewe, nikajua hapo lazima atapiga kelele, nami nitaachia hapo hapo.

Akajibu: ndiyo, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Na kwaya, ndiyo, watakuja na mablanketi yao. Turubai liko kwa mwanawe, spika ziko kwa Egidi, keki ataioka binti wa dada yake. Akauliza kama kuna lingine.

Mwanamke huyu anaumwa? Kwenye redio wanakataliana wiki tatu! Mimi sijakataliwa hata kijiko. Nitaachiaje kitu ambacho hakuna anayeking'ang'ania?

Oliva alipoondoka nilimuuliza yeye mwenyewe anapenda jina gani. Akanibusu shavuni akasema bibi, ninyi wazee zungumzeni tu. Mtoto wa watu, hana makuu.

Ijumaa, 18 Julai

Lidwina mwenyewe kaja, na masufuria matatu makubwa na kapu la ndizi.

Niandike kwanza habari ya shikamoo. Miaka minne tangu watoto hawa waoane, mimi na Lidwina hatujawahi kuamkiana shikamoo. Yeye anasema alizaliwa mwaka wa nzige, mimi nasema nilizaliwa kabla yake. Mkubwa ni nani, haijulikani. Kwa hiyo tukikutana tunasema habari za kwenu, tunaangalia pembeni. Sasa Valence alinishauri jana kwamba nitoe kitu cha bure, kitu kinachouma lakini hakipunguzi chochote. Nikaamua kutoa hicho.

Alipoingia tu uani nikapiga goti kidogo. Shikamoo, mkwe!

Kapu likamponyoka. Ndizi zikatawanyika, mbuzi akazifuata. Lidwina akanitazama, macho yakamjaa maji, naye akapiga goti. Shikamoo wewe! Nikasema hapana, shikamoo wewe. Akasema we mama, usinitie dhambini, shikamoo! Tumekaa hapo magotini wawili, hakuna wa kuitika. Jirani akachungulia akauliza kama tumepoteza kitu.

Tukainuka kwa kushikana. Hapo akanikamata mkono akasema: Kunegunda, basi yaishe. Jina nakuachia.

Nilitaka kupiga kigelegele! Mdomo ukafunguka. Halafu ukabaki wazi. Kwa sababu nilijiuliza: ameniachia nini?

Mama mkwe wangu alipozeeka aliniambia nakuachia jiko, na jiko likawa langu, nipike nitakavyo. Lakini mume wangu siku anakufa aliniambia nakuachia jina langu, maana yake nilibebe, na nimelibeba mpaka leo. Sasa Lidwina anasema jina nakuachia. Ni jiko au ni mume? Anaondoka kwenye jina, nichague mimi? Au ananiachia jina lake, Lidwina, nilibebe mikononi maisha yangu yote na kuliogesha?

Kumuuliza nisingeweza. Alikuwa analia. Nikalia pia, kwa tahadhari.

Jumamosi, 19 Julai

Uwanja umejaa. Turubai limeingia upande mmoja, upande wa pili limeegemea choo. Kwaya imefika saa nne na tayari imeimba ule wimbo wangu mara sita. Ndani yake wananiita Kunigunda. Nimewasahihisha. Wakaimba tena, Kunigunda.

Valence alikuja kuona. Nikamvuta nyuma ya jiko, nikamwambia neno la Lidwina. Akafikiri, akasema vyovyote vile, mtu akikuachia, lazima nawe umwachie, la sivyo umebaki na deni la heshima, na hilo hulipwa vibaya. Nchi zimepigana kwa sababu hiyo. Nikaogopa.

Baadaye tulikuwa tunamenya vitunguu, mimi na Lidwina, magoti yanagusana. Aliniambia habari za mumewe, na jinsi nyumba yake inavyokuwa kubwa jioni. Nikamwambia hata yangu. Akasema akimwogesha mtoto yule hasikii tena mgongo. Nikasema mimi nasikia mgongo ila sijali. Roho yangu ikawa laini kama ugali wa mgonjwa. Nikajikuta nasema: mkwe, na mimi jina nakuachia.

Kisu chake kikasimama. Nikaona uso wake unafanya kile wangu ulichofanya jana: mdomo wazi, macho yanatafuta maana. Halafu akaitikia, asante.

Asante ya nini? Kachukua? Kapokea? Kashinda? Jana mimi nilikuwa nimeshinda au sikushinda? Na kama nilishinda jana, leo nimeurudisha ushindi? Wote tumemenya vitunguu vya ziada, bakuli mbili zaidi, tusitazamane.

Jumapili, 20 Julai

Imekwisha.

Kanisani tulikaa benchi la mbele. Padri akauliza kama inavyoulizwa: mnampa mtoto huyu jina gani? Nikamtazama Lidwina kwa uso wa kuachia. Lidwina akanitazama kwa uso huo huo. Nikamwonyesha kwa kidevu, sema wewe. Akanionyesha kwa kiganja, wewe. Nikafumba macho. Liwe lolote.

Oliva na Remmy wakasema pamoja, kwa sauti safi kabisa: Aurelia.

Aurelia! Aurelia ni nani? Kwao hayupo, kwetu hayupo. Padri hakushtuka. Alikuwa na fomu mkononi, akasoma hapo hapo, Aurelia. Maji yakamwagwa, mtoto akapiga chafya, amekuwa Mkristo.

Nje nikamshika katekista Kajetani nikamuuliza nani kaandika fomu ile. Akasema Oliva mwenyewe aliileta ofisini mwezi uliopita. Mwezi uliopita! Kabla ya redio, kabla ya Valence, kabla ya mbuzi. Oliva nilipomtazama alikuwa anamfunika mtoto kwa kishali cha L, akasema bibi, jina tulilipenda tu. Sijui hata kukasirika nikaanzia wapi.

Sherehe ilikuwa kubwa kuliko harusi yao. Turubai, viti, spika mbili, keki ghorofa mbili. Kwaya ikaimba, kweli haikumaliza. Egidi akafika kwenye kuachishwa ziwa saa nane na kwenye jando saa kumi. Mbuzi tulimla, pamoja na pazia langu. Oliva alicheza mpaka kilemba kikadondoka, Remmy akazungusha mtoto juu ya watu wakashangilia. Sijawahi kuwaona na raha vile.

Lakini roho iliniuma kwa ajili yao. Kila kitu kilichokuwa pale, nilikiomba mimi. Wao hawakuomba kitu! Walikuwa na neno lao moja, wakalishikilia kimya, hawakulegeza hata kidogo. Maskini. Hawajui taratibu. Ulimwengu utawaonea.

Kuelekea jioni nilimbeba mtoto nyuma ya turubai. Nikamwambia sikioni, mara tatu, Kunegunda. Hakukataa. Nilipogeuka, Lidwina alikuwa amesimama hapo, anangoja zamu ya sikio la pili. Nikampa.

Jumatatu, 21 Julai

Kwaya imeondoka. Wawili wamesahau viatu. Mimi na Valence tumekaa kupima mambo yalipoharibikia. Tumeelewana kwamba mbinu yenyewe ni nzuri, ila sikuifikisha mwisho. Masharti yangu yalikuwa yanakubalika. Hapo ndipo kosa. Sharti la kuachia lazima liwe baya kiasi kwamba hata kichaa hawezi kulikubali.

Sasa nataka hivi: Aurelia akianza kutambaa, aletwe kwangu kila Jumamosi, aniite mimi bibi wa kwanza. Hilo ndilo langu la kweli. Nimelificha la tisa. Yale mengine nimeyajaza taka tupu, na la kumi nimelitia sumu yenyewe: Lidwina ahame Mpitimbi, aje akae kwangu hapa Majengo, tulale chumba kimoja, na majogoo yake yote. Hapo atapiga yowe. Nami nitashusha pumzi, uso wa huzuni, nitamwachia hilo la kumi, naye kwa haya ataniachia la tisa. Valence amesema safari hii hakuna pa kutokea.

Nimemsomea kwenye simu saa mbili asubuhi. Nilipomaliza la kumi tu, simu ikakatika. Nimempata!

Saa saba. Oliva kapita kunisalimia. Anasema Lidwina kaonekana barabarani Mpitimbi anangoja gari, na godoro, na tenga la kuku. Nadhani godoro analipeleka kwa fundi.