Mwaka Mpya Umeangukia Jumatano

Ijumaa, 1 Pagume

Pagume imeingia. Mwezi wa siku tano, mkia wa mwaka. Hauna mshahara, lakini unataka chakula cha mchana na cha jioni kama miezi wenzake. Nani aliyeubuni huu? Hakuwa mama wa nyumba.

Nimepanda ngazi hadi ghorofa ya nne na mfuko wa unga wa njegere. Magoti yamelalamika kila ngazi. Nyumba hii tuliipata kwa bahati nasibu ya serikali. Jina langu, Asnakech, lilisomwa hadharani, nikapiga vigelegele hadi mbwa wa mtaa wakaitikia. Sikujua. Bahati nasibu ilitupa mlango tu, nyumba yenyewe ikabaki kwa benki.

Sasa deni limebaki kidogo. Mimi hesabu za birr huniumiza kichwa, kwa hiyo nahesabu kwa kondoo wa sikukuu. Ukitoa akiba tuliyoficha ndani, tunapungukiwa kondoo wawili. Wawili tu! Lakini mwezi wa Tir, Krismasi ikishapita, mume wangu Gebeyehu anastaafu udereva pale kiwanda cha sabuni. Mshahara utakatika, deni halitakatika. Pensheni ya dereva ni ya kununulia chumvi. Kwa hiyo tumeapa: Mwaka Mpya ukipita, twende benki na pesa yote mkononi, tuichukue nyumba yetu, tupumue.

Na tukaitundike karatasi ukutani. Etaferaw wa mlango wa mbele alimaliza deni lake mwaka jana. Karatasi ya benki ameitia kwenye fremu, kaitundika ubavuni mwa Bikira Maria. Kila nikienda kuomba kitunguu, lazima nisome.

Nimetangaza mawili. Kwanza, tunafunga Pagume nzima. Siagi hakuna, mayai hakuna, maziwa hakuna. Gebeyehu akasema mfungo wa Pagume ni wa hiari. Nikamwambia ndiyo, ni wa hiari yangu. Pili, kahawa basi. Mara tatu kwa siku, vikombe vitatu kila mara, na ngazi nzima inaingia bila kubisha hodi! Nani anaweza?

Leo sijachoma hata punje. Kichwa kinanigonga. Ila kondoo wanakaribia, nawasikia.

Jumamosi, 2 Pagume

Sijapona moyo.

Alfajiri mlango ukagongwa. Kufungua, naona wanawake wa ngazi yote wamesimama kimya, wamejifunga shuka nyeupe kimsiba, upindo juu mabegani. Mbele yao Gashe Wubshet, mzee wa ghorofa ya chini, mwenyekiti wa chama chetu cha mazishi, kofia kifuani. Kwetu habari ya kifo huletwa hivyo, alfajiri, kwa kundi. Mimi nina mtoto mmoja tu, binti yangu Rediet, yuko mbali Debre Zeyit, mwaka wa mwisho wa udaktari wa mifugo. Ng'ombe akikohoa tu, mwanangu anajua ni pafu lipi. Nikapiga yowe, Rediet! Nikaanguka. Wao kuniona nimeanguka, wakalia. Gebeyehu akatoka na suruali ya kulalia, akaona watu wanalia, naye akalia.

Tumelia vizuri tu, mpaka Gashe Wubshet akauliza, jamani, marehemu ni nani hasa?

Kumbe! Jana hawakusikia harufu ya kahawa mlangoni kwangu asubuhi, mchana wala jioni. Etaferaw akawaambia nyumba isiyochoma kahawa kutwa nzima ina maiti au ina habari ya maiti. Wakaja kunifariji.

Ningewaambia nini? Kwamba nabana matumizi? Nilisema kichwa kiliniuma. Wakasema masikini, kichwa ni kukosa kahawa. Wakaketi. Nimechoma kahawa ya wiki nzima. Wamekunywa kikombe cha kwanza, cha pili, na cha tatu cha baraka. Halafu wamerudia, kwa sababu ya mshtuko.

Etaferaw akaniambia nisijali, shoga yangu, hata yeye alibanabana hivi hivi alipokuwa anadaiwa. Mbele ya watu wote! Nikacheka. Meno tu.

Nimempigia Rediet simu kuhakikisha yu hai. Yu hai. Alikuwa ndani ya zizi, mkono wote tumboni mwa ng'ombe. Hivyo ndivyo nilivyomzaa.

Jumapili, 3 Pagume

Sikukuu ya malaika Rafaeli. Mvua ya leo ni ya baraka, watoto wote wanaoga uani, uchi, wanapiga kelele. Nikawatazama dirishani nikapata akili. Bomba letu limekauka tangu katikati ya wiki, na maji ya madumu yanauzwa kama divai. Lakini huyu hapa Mungu anamwaga bure! Na sabuni Gebeyehu hupewa bure kiwandani. Maji bure, sabuni bure. Nani mwingine angewaza?

Nikashusha vyote. Mashuka, mapazia, suruali za kazini, na ile gabi nene ya Gebeyehu anayojifunika wakati wa baridi. Ghorofa nne kwenda chini. Nikapaka sabuni kwa moyo mweupe, kwa kuwa ni ya bure. Povu lilinifika viwikoni. Majirani wakaja kutazama. Nikawaeleza kwamba kichwa hiki ndicho kilichomzaa daktari.

Mvua ikakatika.

Si kupungua. Kukatika! Jua likatoka kama limetumwa. Nikangoja. Watoto wakavaa nguo wakaenda kula. Nikangoja tena. Povu likaanza kukauka, gabi ikawa ngumu kama ubao.

Nimenunua madumu. Gabi ile inakunywa maji kuliko ngamia. Gebeyehu alisaidia kusuuza bila kusema neno, na hilo ndilo lililoniudhi. Mwanamume akinyamaza hivyo mtu unagombana na nani?

Ghorofa nne kwenda juu, na nguo mbichi. Nimelala chali sakafuni. Nimechoka hadi kope.

Jumatatu, 4 Pagume

Mungu hamtupi mja wake!

Nilikuwa dukani, nimesimama mbele ya kalenda nikingoja chumvi. Jicho likatua kwenye Mwaka Mpya. Jumatano! Na Jumatano ni siku ya kufunga, kama Ijumaa. Nikatoka mbio hadi kanisani kumuuliza padri. Krismasi ikiangukia Jumatano, kanisa huruhusu nyama. Je, Mwaka Mpya? Akasema hapana, Mwaka Mpya hauvunji mfungo. Nikamuuliza tena. Akasema mama, nimeshakwambia. Nikabusu msalaba wake mara mbili.

Hakuna kondoo! Hakuna kuku! Hakuna siagi! Sikukuu nzima kwa njegere na dengu!

Sasa hapa ndipo elimu inapoonekana. Mimi nimeishia darasa la nane, lakini darasa la nane la zamani. Mwingine angefurahi akanyamaza. Mimi nimeona mbali. Mwaliko ni deni. Nikiwalisha watu Mwaka Mpya kwa njegere, wao lazima wanilishe Krismasi na Pasaka, tena kwa nyama! Ninaweka njegere, ninavuna kondoo. Benki yenyewe haina riba hiyo.

Nimealika ngazi nzima. Gashe Wubshet na mkewe. Madereva wenzake Gebeyehu. Etaferaw nimemwalika mlangoni kwake, chini ya ile karatasi yake, kwa sauti ya watu wote kusikia. Akashangaa. Akaniuliza, wewe Mama Rediet, wewe, unaalika? Nikamwambia karibu mwenzangu, uje na dada zako pia, nyumba yangu si ya kujificha. Nilipita pale shingo imenyooka kama ya twiga.

Gebeyehu nimemweleza hesabu yote. Aliisikiliza hadi mwisho. Akauliza ni wangapi. Nikamwambia asiwe mchoyo.

Jumanne, 5 Pagume

Nimepika tangu asubuhi. Mikate ya injera nimeoka hadi mgongo umegoma. Njegere, dengu nyekundu, dengu za kijani, kabichi, mboga za majani. Mafuta yamekwenda zaidi ya nilivyokadiria, maana watu wenye njaa ya mfungo hula kwa hasira. Si kitu. Ukilinganisha na kondoo, mafuta ni nini?

Rediet amefika! Amekonda, lakini amekonda kisomi. Nimempitisha mlango kwa mlango aonekane. Gashe Wubshet akamwonyesha paka wake anayechechemea. Mwanangu akamshika mguu, akatoa mwiba, kwisha. Nilimwambia mzee malipo si lazima. Hakulipa.

Wakati tunakata vitunguu Rediet akaniuliza, mama, na Alhamisi je? Nikamwambia Alhamisi ni ya kuosha masufuria. Akamtazama baba yake. Baba yake akatazama dari.

Hawa wawili wanafanana sana wakinyamaza.

Jumatano, 1 Meskerem

Heri ya Mwaka Mpya!

Nyasi mbichi sakafuni, ubani, mabinti wadogo wameimba mlangoni na maua yao ya manjano. Watu wamejaa hadi kwenye ngazi. Wamekula! Madereva wamefuta sinia kama limeoshwa. Mke wa Gashe Wubshet kasema hajawahi kuonja njegere zenye ladha ya siagi bila siagi. Etaferaw alikula sahani ya pili, ya tatu. Nilimtazama kila tonge. Mwaka huu umeanza kwangu, nikawaza. Kila mdomo unaotafuna hapa unanidai chochote? Hapana, mimi ndiye ninayewadai!

Jioni nikamwomba Gashe Wubshet atoe baraka ya kuagana. Akakataa. Akasema baraka ya kufunga sikukuu haitolewi juu ya dengu, binti yangu, tutaitoa kesho.

Nikauliza kesho kuna nini.

Watu wakacheka kwa upendo, wakidhani natania. Dereva mmoja akampiga Gebeyehu begani, akasema mkeo ana vichekesho. Ni Etaferaw aliyenieleza, taratibu, anafurahia kila neno. Eti mwenye kuwakusanya watu kwenye mfungo ndiye wanayefungulia kwake. Asubuhi ya Alhamisi. Kwa nyama na siagi. Kwao hivyo, kwetu hivyo, dunia nzima hivyo. Akaniuliza, kwani shoga ulidhani leo tumekula sikukuu? Leo tumekula Jumatano!

Ningefanyaje? Niwafukuze, na binti yangu bado hajaolewa? Nikasema najua, jamani, nani asiyejua, kesho mapema basi.

Gebeyehu hakuniangalia. Alikwenda pale tulipoficha pesa ya benki, akavaa koti, akaenda sokoni. Kumbe mji mzima umeahirisha nyama hadi Alhamisi, na wauza kondoo wanajua kusoma kalenda kuliko mimi. Bei imepanda hadi mawinguni. Amerudi na wawili, kwa kuwa mmoja hatoshi kwa watu wale. Kawapandisha ghorofa nne. Mmoja aligoma ghorofa ya pili, ikabidi abebwe.

Rediet kamchunguza. Kasema hana ugonjwa, amenuna tu. Daktari wangu!

Alhamisi, 2 Meskerem

Wamekuja wote. Na wengine sikuwaalika.

Nitaandika ukweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu: ilipendeza. Gebeyehu alikata nyama amesimama, mikono ya shati imekunjwa, na madereva wakasimulia jinsi alivyowahi kusukuma lori la sabuni peke yake kwenye matope. Sikuwahi kusikia. Miaka yote hii nalala na mtu ambaye amesukuma lori! Walimnywea, wakamwambia kiwanda hakitapata dereva mwingine kama yeye. Akacheka hadi akakohoa. Nilimlisha tonge kwa mkono wangu, na la pili, na la tatu.

Etaferaw aliimba. Ana sauti nzuri, mwanamke yule. Inaudhi.

Gashe Wubshet akatoa baraka. Akaomba nyumba hii isikose wageni. Nikasema amina shingo upande.

Kahawa sijui nimechoma mara ngapi. Sihisi miguu.

Ijumaa, 3 Meskerem

Rediet kaondoka na basi la asubuhi. Kachukua mabaki yote ya nyama, Ijumaa sisi hatuwezi kuyala.

Tumepiga hesabu mezani. Tulikuwa tunapungukiwa kondoo wawili. Sasa tunapungukiwa wanne, tena wa bei ile ya juzi. Benki hatuendi.

Gebeyehu alikuwa anafunga kamba za viatu. Akasema, bila kuinua kichwa, kwamba amezungumza na kamati ya majengo. Mlinzi wa getini anarudi kijijini kwao mwezi wa Tir, na yeye ataomba nafasi hiyo. Eti kukaa kwenye kiti getini si kazi ngumu. Eti hata hivyo hapendi kukaa bure. Akaenda kazini.

Nimebaki pale mezani. Mtu amesukuma lori kwenye matope, na uzeeni akakae getini kwenye baridi, amejifunika ile gabi ngumu? Kwa ajili yangu? La. Haiwezekani nikiwa hai. Nikajipangusa macho nikainuka. Nikashuka hadi dukani, kwenye kalenda.

Sikukuu ya Msalaba mwaka huu ni Ijumaa.

Ijumaa! Siku ya kufunga! Hakuna nyama!

Nimekwishagonga milango yote ya ngazi yetu, na ya ngazi ya pili pia. Nimealika hata padri. Wakija wote wakala njegere, hakuna atakayethubutu kutonialika Krismasi. Etaferaw kanikumbusha yaliyotokea juzi, huku anajizuia kucheka. Nimemjibu vizuri. Nimemwambia juzi ilikuwa Jumatano, mwenzangu. Ijumaa ni siku nyingine kabisa.