Shavu la Kulia la Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Agosti

Leo baba mkwe kamkata mteja sikio. Si sana, ngozi ya juu tu, lakini mteja ni karani wa mahakama na ameondoka na pamba sikioni akitaja vifungu vya sheria. Mzee akaitazama mikono yake inavyotetemeka, akafunga duka mapema, akatuita wote wawili. Mimi na mwanyumba wangu. Mimi nimemwoa binti yake mkubwa, yeye kamwoa mdogo. Wateja humwita Mluzi kwa sababu hawezi kunyoa bila kupiga mluzi, tena wimbo ule ule mmoja, na hajui unavyoishia.

Mzee akasema anapumzika. Kiti cha dirishani, chenye kioo kikubwa, anamwachia mmoja wetu, na atakayekipata ndiye atakayeshika funguo za duka. Nilijua ni mimi. Nimo humu miaka kumi na mmoja, yote kwenye kiti cha nyuma ya mlango. Kila mtu akiingia, kitasa kinanigonga kiwiko, na mteja wangu anachubuliwa na wembe. Nikaanza kushukuru. Mzee akaniambia ningoje, hajamaliza.

Jumamosi atakaa kitini yeye mwenyewe. Mimi nitamnyoa shavu la kulia, Mluzi la kushoto. Povu la kopo hataki. Kukoroga sabuni kwenye bakuli hataki. Brashi iloweshwe, ipitishwe kwenye sabuni, kisha iende moja kwa moja usoni, povu lizaliwe pale pale kwenye ndevu, kama alivyofundishwa yeye enzi zake. Kila mmoja atafute brashi yake. Jioni atajipapasa mashavu na kuamua.

Mke wangu kasema dada yake mdogo akiwa mke wa mwenye funguo, yeye hatakanyaga tena kwenye shughuli yoyote ya ukoo. Amesema akicheka. Nimemwangalia vizuri, sidhani kama alikuwa anacheka.

Jumanne, 4 Agosti

Nimeenda kwa mama anayeuza vifaa vya vinyozi. Akanipangia brashi tatu mezani. Moja ya nailoni, nyepesi, hukauka upesi. Moja ndogo, nene, mpini mfupi wa mbao, nywele za mnyama. Nikauliza mnyama gani. Akasema hajui, ila yuko tayari kuapa si paka. Ya tatu ndefu, manyoya meupe laini, mpini mzito unaong'aa.

Akanishauri bila kuombwa. Kama nakoroga kwenye bakuli, hiyo ndefu inafaa. Kama napaka usoni moja kwa moja, nichukue yenye ukaidi kidogo: ukiibonyeza shavuni inainuka yenyewe, inasimamisha ndevu, inaibembeleza sabuni mpaka ikubali. Tena kichwa kiwe kidogo, nisije nikampaka mtu puani. Ile laini, akasema, italala tu na kunywa povu lote.

Nilimsikiliza kwa heshima zote, nikanunua ile ndefu. Yeye muuzaji, kinyozi ni mimi. Halafu ilinipendeza. Mtu wa kiti cha dirishani hawezi kuonekana kashika kibrashi cha kung'arishia viatu.

Jioni nimeijaribu kwa uso wangu. Imelala. Imekunywa povu lote. Nilipoibonyeza kwa hasira ikalitapika kwa mkupuo mmoja: sikioni, puani, kwenye kioo, kwenye sare ya shule ya binti yetu iliyokuwa imeanikwa nyuma yangu. Mke wangu akachungulia, akauliza kama ninanyoa au ninapiga chafya. Nikamwonyesha mlango kwa brashi. Sabuni ilikuwa mdomoni.

Jumatano, 5 Agosti

Mluzi ana brashi. Ndogo, mpini mfupi wa mbao, aina ile ile niliyoikataa jana, ila yake ni kuukuu. Mpini umekuwa mweusi kwa jasho la mikono. Sijui kaiokota jalala gani. Alipotoka kwenda chooni niliichungulia ndani ya kikombe chake. Nywele zote zimepasuka ncha! Kila unywele umegawanyika mara mbili, mara tatu. Nilicheka peke yangu mpaka mteja wangu akajishika kichwa kuangalia nimemfanya nini.

Kicheko hakikufika mbali. Akaja mwalimu mstaafu, mwenye zile ndevu ngumu ambazo sote tunazikimbia. Mluzi akamkalisha, akazungusha hiyo brashi chakavu shavuni, na povu likapanda. Zito, jeupe, limesimama. Mwalimu akalala. Akakoroma. Ikabidi Mluzi amshike kichwa kisianguke.

Nikaenda mbio kwa yule mama, nikanunua ile ndogo. Alinifungia polepole sana. Nikaijaribu nyumbani. Inachoma. Nikarudi kulalamika. Akasema brashi mpya ya nywele ndivyo ilivyo. Hulegea kwa kutumiwa, kulowekwa na kutumiwa tena, uso baada ya uso. Nikamwuliza kama yangu itakuwa imelegea kufikia Jumamosi. Akajibu labda nikiwa na nyuso nyingi.

Uso ninao mmoja. Lakini akili ninazo.

Alhamisi, 6 Agosti

Brashi yangu na ya Mluzi ni ndugu, toka kiwanda kimoja. Kinachozitenganisha ni uzee tu, na uzee unatengenezwa. Alfajiri nimeupiga mpini msasa, nikaupaka dawa nyeusi ya viatu, nikaufuta, nikauchora mikwaruzo kwa msumari. Nywele nimezichemsha kwenye majani ya chai mpaka zikapata ule umanjano. Mke wangu akanikuta jikoni, akataka kujua nafanya nini. Nikasema kazi. Akauliza ni kazi gani ya kinyozi inayofanyikia ndani ya sufuria yake.

Mchana Mluzi alitoka kutafuta chenji. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama, nikatoa ya kwake kikombeni, nikaweka ya kwangu. Aliporudi akalowesha, akamwanza mteja, na mluzi ukakatika katikati ya wimbo. Akaigeuza ile brashi. Akaitazama. Akanitazama mimi. Nikajikausha, nikafagia sakafu niliyokuwa nimekwisha kuifagia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyevunja sahani ya wenyewe. Nilijiuliza kwa nini mtu aogope hivyo kwa ajili ya brashi ya kuokota. Sikuwa na nafasi ya kujiuliza sana.

Jioni nimeitoa mfukoni, nikaitazama vizuri chini ya taa. Zile ncha. Miaka yote hii nawaambia watu, nywele zikipasuka ncha dawa ni kukata, hakuna nyingine. Leo mimi nimpelekee baba mkwe uchafu huu usoni? Nikachukua mkasi wangu mzuri, ule usioguswa na mtu. Nikapunguza kidogo tu. Upande mmoja ukazidi, nikasawazisha. Ukazidi wa pili. Nikazungukazunguka hivyo mpaka zikalingana, juu bapa, kingo safi. Ni kazi nzuri kuliko vichwa vyote nilivyonyoa mwaka huu. Nalala na furaha.

Ijumaa, 7 Agosti

Mpango wa leo: kumchosha Mluzi. Mkono uliochoka leo, kesho utatetemeka kama wa mzee. Tangu asubuhi nikajishika kiuno, nikasema mgongo, siwezi kabisa, kila mwenye ndevu aende kwa mwenzangu. Wakaenda. Mwokaji mikate, fundi saa, wale mapacha wa duka la vitambaa. Hata mwalimu mstaafu karudi. Ndevu hana tena, kaja kulala.

Mluzi hakulalamika. Alimshika kila mtu taratibu kama anayeomba radhi. Anapaka, anapaka, anailoweka ile brashi, anaikamua, anapaka tena. Wateja wa asubuhi walikunja nyuso. Wa mchana hawakukunja. Jioni akaanza tena kupiga mluzi, ingawa kidogo kidogo.

Sikulitilia maanani. Mimi nilikuwa nautazama mkono wake, na umechoka, nina hakika.

Ya kwangu sijaijaribu. Nguo ya sikukuu haivaliwi jikoni.

Jumamosi, 8 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Mzee alikaa kitini na taulo jipya shingoni. Mama mkwe alikuwapo, mke wangu, dada yake, na mwalimu mstaafu ambaye hakualikwa na mtu. Nikaanza mimi. Nikalowesha, nikapitisha kwenye sabuni, nikaiweka kwenye shavu la kulia, nikazungusha. Mzee akafumbua macho. Nikazungusha tena. Akashika mikono ya kiti. Akaniuliza kwa upole kama ninamnyoa au ninampara kama samaki. Povu halikuja. Nikaongeza nguvu, maana penye nia pana njia. Likaja chozi, la jicho la kulia. Jicho la kushoto lilikuwa kavu kabisa. Mama mkwe akasema basi, inatosha, shavu lenyewe limekwisha kuvimba.

Zamu ya Mluzi. Akazungusha kidogo tu, povu likapanda. Brashi yangu mwenyewe! Nimeinunua mimi, nimeipika mimi, na jana kutwa nzima nimeilegeza kwa nyuso za mtaa mzima, tena kwa hiari yangu. Nimejipalia makaa. Mzee akafumba macho, akashusha pumzi ndefu. Nusu yake ilikuwa imepumzika na nusu nyingine bado inavuja.

Ningeweza kuvumilia hapo. Lakini Mluzi alipomaliza akainama mbele ya mzee, akaomba radhi. Kasema brashi aliyoazimwa ameiharibu, hajui kwa namna gani. Tangu juzi imekuwa ngumu, amehangaika nayo kuirudisha laini, lakini si ile tena, na usingizi hapati. Mzee akaichukua. Akainusa. Akasema inanuka chai. Mke wangu akageuka akanitazama. Kisha mzee akanyoosha mkono, nimpe niliyoshika mimi.

Akaigeuza. Akapitisha kidole gumba kwenye ule ubapa. Mama mkwe ndiye aliyeitambua kwanza, akaziba mdomo kwa mkono. Ilikuwa brashi ya mzee. Ndiyo aliyoanzia kazi, na ndiyo aliyojipakia povu asubuhi ya harusi yao. Hakugomba. Alinieleza polepole kama anayemfunga mtoto kamba za viatu. Kwamba ncha zile zilichukua miaka kupasuka, na kwamba kupasuka kwake ndiko kulainika kwake. Chini ikaidi, juu ibembeleze, hiyo ndiyo brashi ya usoni. Mluzi alimwomba, akamwazima. Ningemwomba mimi, angeniazima mimi.

Nikasema labda ni panya. Mke wangu akatoka nje.

Naiandika hapa kwa kuwa hapa hakuna mtu: nimeona aibu mpaka masikio yamepata moto. Mzee alikuwa anaishika ile brashi kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa.

Hakungoja jioni ajipapase. Kiti na funguo kampa Mluzi. Mimi kanipa hukumu yangu. Ile brashi mpya sasa ni ya mzee, badala ya ile niliyoikata, na mimi ndiye wa kuizeesha. Kila asubuhi, mbele ya wateja, nijipake povu nayo usoni, mpaka ncha zipasuke zenyewe. Nikauliza itachukua muda gani. Akasema ile ya kwanza aliianza mke wangu hajazaliwa, na zilipoanza kupasuka alikuwa anampeleka shule.

Jumapili, 9 Agosti

Duka limefungwa. Tangu jana mke wangu kanisemesha mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa nimpishe njia. Nimepata nafasi ya kutulia na kutafakari kwa kina. Nimelitafuta kosa langu bila kujionea huruma, na nimeliona. Nilikata. Hapo tu ndipo nilipokosea. Mzee hataki ncha zilizokatwa, anataka zilizopasuka. Sasa kwa nini nijisugue uso mpaka uzeeni kwa jambo linalohitaji wembe mpya na mkono uliotulia?

Nimevaa miwani ya kushonea ya mke wangu. Nachukua unywele mmoja wa ile brashi mpya, naulaza juu ya kibao cha mboga, naupasua ncha katikati. Naenda unaofuata. Kazi inakwenda vizuri. Kuna nywele chache zimeng'oka, na kwa kuwa zimeacha upara hapo katikati nimezirudisha kwa gundi. Haionekani, labda mtu ailoweshe.

Nitampelekea mzee mwenyewe nyumbani kabla ya wiki kwisha. Najua atalia kwa furaha, na suala la kiti itabidi lizungumzwe upya. Mluzi hana habari. Namwonea huruma, maskini, jinsi alivyokwisha kulizoea dirisha.