Vibwengo vya Karatasi na Mkono Wangu wa Plasta

Jumapili, 30 Novemba

Mshumaa wa kwanza wa Majilio nimeuwasha kwa mkono wa kushoto. Pazia limeungua kidogo tu. Nashukuru.

Mkono wa kulia umo kwenye plasta tangu Alhamisi. Nilikuwa nachungulia tundu la barua kwenye mlango wa Asger, huko ghorofani, nione anakata nini mwaka huu. Mabaharia wa karatasi! Mabaharia tena! Akakohoa ndani, nikashtuka, nikashuka ngazi zote kwa makalio. Ndiye aliyenipeleka hospitali. Nilimwambia nilikuwa namtafuta paka wangu. Sina paka.

Huyu Asger, nahodha mstaafu wa kivuko, ndiye anayepamba ukuta wa ukumbi wetu wa pamoja kila Krismasi. Wengine tunakata vibwengo vya karatasi vya kofia nyekundu na kuvipandisha kwenye fremu za picha nyumbani, hakuna anayeviona. Vya kwake vinaonwa na jengo zima. Mwaka huu ukuta ni wangu! Nimechora wakazi wenyewe, kila mmoja kibwengo, kasoro zote nje. Jumapili ijayo watu wanapiga kura.

Niseme kweli, maana hapa hasomi mtu. Tangu Poul wangu afariki, mlango huu haugongwi. Mwaka jana nilikula bata wa Krismasi peke yangu na redio, nusura niikatie paja. Ukuta ule kila mtu huutazama. Na mimi nataka kutazamwa kidogo.

Lakini mkasi haushikiki. Lazima nipate mikono ya watu, na wasijue.

Jumanne, 2 Desemba

Mpango umeanza! Nimelia "aii" karibu na ukuta wa jirani yangu Bodil mpaka akaja. Nikamwambia ni siri yetu wawili, nikampa mchoro wa Troels, yule mwalimu anayekaa chini, shingo kama bomba la maji. Bodil aliuliza kama huyu si Troels. Nikasema si mtu yeyote, ni kibwengo tu.

Alikata, akaosha vyombo vyangu, akasema maji ya moto yanamfaa vidole. Akasahau sufuria nzima ya supu mezani kwangu! Shingo ameipunguza nusu, ila nimenyamaza, supu ilikuwa tamu. Nashukuru kwa jirani mwepesi wa kudanganyika.

Alhamisi, 4 Desemba

Zamu ya Troels. Naye siri yetu wawili. Nilimpa mchoro wa Bodil, mdomo wazi kama lango la kivuko, maana mwanamke yule kwa domo hajambo. Kijana ameufunga mdomo, akaukatia tabasamu. Nani kamwambia? Vitumbua alivyoleta, na jamu yake, vimenizuia kugomba.

Halafu balaa! Bodil akaingia na mkate. Jasho lilinitoka. Kwa bahati, Bodil alisema amekuja kuangalia kama hita yangu inapata moto. Troels naye akasema hasa, hata yeye kaja kwa ajili ya hita. Wakaipapasa wote wawili. Hawakushtukia kitu! Hita yangu haijawahi kutunzwa hivi.

Ijumaa, 5 Desemba

Wakazi wengine wote Bodil na Troels wameshawakata kwa zamu; amebaki Asger, na kitambi nilichomchorea kwa moyo wangu wote. Nani atakikata? Wakati nawaza, kabisha mwenyewe, mkononi samaki wa siki.

Sikuwa na jinsi. Nikamwambia ni kibwengo cha kanisani. Alivaa miwani, akakitazama kitambi kwa muda. Akasema padri huyu anaonekana ameshiba raha. Akakikata chote, hakupunguza hata uzi! Kisha akaikunja miguu kwa mgongo wa mkasi, akaniambia, "Ketty, bila hivi hakikai kwenye fremu, kitaangukia uji wa Krismasi." Vingine navyo akavikunjia miguu, kimoja kimoja, akipiga mluzi.

Wakati wa kuondoka aliuliza kama paka amepatikana. Nikasema bado. Alisikitika kweli, maskini.

Jumapili, 7 Desemba

NIMESHINDA! Mikono yote juu, hata wa Asger! Mabaharia wake hakuwaleta, anasema wamepata unyevu. Watu walicheka, walijitafuta ukutani, wakanikumbatia kwa zamu. Nililia ndani ya bakuli la uji. Nilisema ni mdalasini umeniingia jichoni.

Jambo moja tu. Katikati ya ukuta kuna kibwengo ambacho mimi sikukichora. Kizee, pua kali, mkono mmoja mweupe, kimeinama kwenye tundu la barua, na chini yake paka wa karatasi. Kibaya hicho! Nikauliza ni nani. Bodil alipaliwa na kitumbua. Troels akatoka nje. Asger akasema ni mtu wanayempenda sana humu jengoni.

Nimefikiri njia nzima ya kurudi. Bila shaka ni marehemu mke wa Asger. Nikapanda juu kumpa pole. Alivua miwani, akaifuta, akasema asante.

Jumatano, 17 Desemba

Plasta imetolewa. Daktari anasema mkono umepona kabisa. Msiba! Nani atakuja tena? Nikamwomba muuguzi bendeji, nikajifunga mwenyewe ndani ya basi.

Na imefanya kazi! Bodil kaleta supu. Troels kaja kupapasa hita. Asger kaniuliza kama bado siwezi kumenya viazi. Nikasema wapi, kidonda kibichi. Basi akasema mkesha wa Krismasi nile kwake, bata na viazi atashughulikia yeye, na paka nimlete.

Sasa hivi navua bendeji nioge, naona nilifunga mkono wa kushoto. Siku nzima! Watu watatu, na hakuna aliyeona. Namshukuru Mungu sana kwa majirani hawa. Hawana macho kabisa.

Kesho nitafute paka.