Kisakinishi Kilichoitwa Zéphirin

Jumatatu, 5 Juni 2023

Barua kutoka Kinshasa! Kwangu mimi, Ferdinand, mwenye ofisi ya kompyuta karibu na stesheni ya Kindu. Nimeisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikaona afadhali nikae.

Mambo yenyewe ni haya. Kampuni ya Makasi inauza mchezo wa mpira wa kompyuta, Mabao ya Dhahabu. Mzuri, lakini hauingii kwenye mashine kuukuu, na hapa Kindu mashine zote ni kuukuu. Mimi nimetengeneza kisakinishi, programu ndogo ya kuuingiza kwa nguvu, naiuza ndani ya flashi. Mteja anakuja na mchezo wake halali, ananunua flashi yangu, anaenda kucheza. Siibi kitu. Ila juu ya kartoni ya flashi nimeandika MABAO YA DHAHABU kwa herufi kubwa, na ile nembo yao ya simba nimeichora kwa mkono wangu. Nimemwongezea meno.

Mwanasheria wao, Maître Clémentine, anasema kwa adabu sana kwamba kisakinishi hawana neno nacho. Jina na nembo ndiyo mali yao, niviondoe ndani ya siku kumi. Kuhusu meno hakusema lolote.

Aliyenichongea ni Arsène, fundi simu wa ng'ambo ya barabara. Ushahidi sina. Ni yeye tu.

Jumatano, 7 Juni

Natafuta jina. Nilimwandikia Maître: je, Mabao ya Shaba? Akajibu hapana, yanafanana mno. Mabao ya Dhahabu Bandia? Hapana. Haya Siyo Mabao ya Dhahabu? Hapana, na tafadhali nisimwandikie kila nusu saa. Akanipa shauri: nichague jina jipya kabisa, kisha niandike kwa herufi za kawaida kwamba kifaa kinafanya kazi na mchezo wao.

Jina jipya kabisa! Kana kwamba majina yanaokotwa sokoni. Langu mwenyewe siwezi kulitumia, watu wa kodi wangenifikia kabla ya wateja.

Na akili yangu haiko hapa. Jumamosi familia ya Gisèle inanipa jibu la posa. Miaka mitatu nampenda mwalimu huyu, miaka mitatu baba yake ananiangalia kama mzigo ulioshushwa stesheni isiyo yake. Alikuwa mkuu wa treni, mzee huyu. Mgumu. Anaitwa Zéphirin.

Zéphirin!

Hakuna kampuni Kinshasa yenye jina hilo. Sheria imeridhika, na baba mkwe ataona jina lake likipendeza mji mzima. Simwambii kitu. Heshima ya kuombewa ruhusa hainogi. Nina akili nyingi mpaka najiogopa.

Ijumaa, 9 Juni

Vibandiko mia mbili vimetoka. ZÉPHIRIN, na chini yake kichwa cha mzee mwenye kofia ya reli. Nimesimama sokoni na kipaza sauti: Zéphirin mdogo amefika! Zéphirin mdogo yuko Kindu! Nimeuza flashi tisa kabla ya adhuhuri. Arsène alitazama akiwa ameinamia simu ya mtu, wivu umemjaa.

Jambo moja la ajabu. Mama mmoja muuza mchele alinishika mikono yote miwili, akanipongeza, akauliza mama wa Zéphirin mdogo anaendeleaje. Nikamwambia hana mama, nimemtengeneza peke yangu. Akafumba macho. Kisha akaniombea.

Jumamosi, 10 Juni

Balaa.

Nilifika na koti la kuazima. Familia yote imekaa, hakuna aliyeitikia salamu. Mezani kuna sabuni, poda, nepi, na kofia mbili ndogo za kufuma. Nikadhani wanasherehekea jambo lao.

Shangazi yake Gisèle, Mama Germaine, ndiye aliyenifumbua macho. Nani hapa Kindu anaitwa Zéphirin mdogo? Mjukuu wa Zéphirin. Nani anampa mjukuu jina? Baba yake. Basi tangu jana wanawake wa mtaa wanaleta zawadi za mtoto, na mkuu wa shule amemrudisha Gisèle nyumbani akapumzike, akimlaumu kwamba alificha mimba miezi tisa na huku anasimama ubaoni kila siku.

"Mutoto iko wapi?" akauliza Mama Germaine.

Nikatia mkono mfukoni. Nikatoa flashi.

"Njo huyu, ndiye Zéphirin mdogo," nikasema.

Baba Zéphirin akaipokea, akaigeuza, akasoma jina. Nilitegemea kupigiwa makofi.

"Uliniomba siku gani?" akasema. "Ile wakati ya vita, muntu moja alipanda mutumbwi ya kuenda Lokandu na karatasi yangu ya kitambulisho. Mutumbwi ikazama. Walinililia hapa siku tatu, na mimi niko Kibombo, muzima. Kurudi, muke yangu aliniona akakimbia. Mwaka nzima nilitembeza uso yangu kwa biro zote za serikali, nasema mimi njo Zéphirin, haniamini mutu. Ile jina niliirudisha na jasho. Na we unaibandika kwa kartoni!"

Nikaona aibu. Aibu ya kweli. Nilikuwa sijui habari hiyo.

Mama Germaine akataka nifukuzwe hapo hapo. Aliyesimama ni Gisèle. Akasema Ferdinand ni mjinga lakini si mtu mbaya, na ujinga unaweza kupungua. Sijawahi kutetewa hivyo maishani! Ikaamuliwa: nimrudishe kila Zéphirin aliyeko nje, nilete mbuzi wa kusafisha jina, kisha jibu litatolewa Jumamosi ijayo. Likiwa hapana, ni hapana ya milele.

Jumatatu, 12 Juni

Kukusanya. Baba Zéphirin amefuatana nami ili aone kwa macho yake. Kwa Espoir, kinyozi aliyenunua flashi, mashine iliuliza: Unataka kumwondoa Zéphirin kabisa? Mzee aliisoma polepole, akabonyeza Hapana. Ikabidi tuanze upya. Mara ya tatu nilimwomba atazame nje.

Saba tumezipata. Ya nane ilikuwa imepanda treni kwenda Kibombo, bahati treni yenyewe ilikuwa haijaondoka. Ya tisa ilikuwa kwa Arsène! Alinunua kwa siri, na anasema inafanya kazi vizuri sana. Sikujua nikasirike vipi.

Jumatano, 14 Juni

Mbuzi amepelekwa. Baba Zéphirin amenipa kiti, kwa mara ya kwanza. Gisèle amenisindikiza hadi barabarani, akanishauri taratibu kama anavyowashauri watoto wake wa darasa la pili. Kifaa nikiite Kisakinishi cha Mpira, basi. Na nisichukue jina la mtu bila kuuliza kwanza.

"Uliza kwanza, Ferdinand. Utauliza?"

Nikaapa. Aliponishika mkono nilisahau njia ya nyumbani.

Ijumaa, 16 Juni

Kisakinishi cha Mpira! Nani atanunua kitu chenye jina la aina hiyo? Lakini shauri la kuuliza kwanza ni la dhahabu, na mimi ni mtu wa kushika neno. Nimeuliza. Nimemwandikia Maître Clémentine rasmi: je, kampuni ina haki yoyote juu ya jina Gisèle? Akajibu ndani ya saa moja: haina kabisa. Kwa maandishi! Alikumbusha tu kwamba popote nitakapotumia jina lisilo langu, niseme wazi kuwa sina uhusiano na mwenyewe.

Nimefuata kila neno. Vibandiko mia tatu vimetoka, vyenye picha ya Gisèle ya sikukuu ya walimu, ameinua chaki. GISÈLE, SASA INAPATIKANA KINDU KOTE. Chini, safi kabisa, inasomeka hata bila miwani: Ferdinand hana uhusiano wowote na Gisèle, wala hajaidhinishwa na familia yake.

Kartoni ya kwanza nimempelekea Baba Zéphirin jioni hii, ili wawe nayo mezani kesho watakapotoa jibu.