Kidonge Badala ya Mchicha

Dokta hakuwa daktari. Koti jeupe alilipata kwenye mitumba, na maneno makubwa aliyaokota kwenye karatasi za chupa za dawa. Siku alipomsikia mama mwenye hosteli akilia sokoni kwamba wapangaji wanalalamikia mchicha wake na kumfilisi kwa kudai mboga na matunda ya bei, Dokta akaona mbuzi amejileta mwenyewe machinjioni.

"Shikamoo mama. Mboga za nini zama hizi?" Akafungua sanduku lililojaa vidonge vya njano. "Kimoja asubuhi, mtu kashakula mchicha, karoti na chungwa. Mafua yakimwona yanavuka barabara."

Ndani ya vidonge mlikuwa na unga wa mahindi na bizari, lakini tusimwaibishe mapema.

Macho ya mama yakang'aa. "Yaani nisinunue mboga tena?"

"Wala tunda."

"Basi nachukua sanduku zima, mwanangu. Ila wapangaji wangu wabishi. Hamia kwangu, ule wali mkavu na kidonge chako, wakuone unavyonawiri. Wakiridhika, nakulipa."

Chumba bure, chakula bure! Dokta akahamia jioni ile ile. Sanduku, mama akalifungia kabatini mwake, eti wezi ni wengi.

Mwanzoni Dokta alimeza vidonge kwa madaha mbele ya meza nzima. Kisha choo kikamgomea. Tumbo likawa gumu kama ngoma, midomo ikakauka, na bado kila aliyemuuliza hali alijibiwa, "Shwari kabisa!" Angesemaje anaumwa? Kwenda kula nje hakuweza. Mtaji wote aliumalizia kwenye unga.

Mchana mmoja pua ikamvuta hadi jikoni. Mama alikuwa peke yake na sinia la mchicha uliokaangwa kwa vitunguu, papai pembeni.

"Mama! Na vidonge je?"

"Nilipasua kimoja siku ile ile, nikaonja. Unadhani sijui unga?"

Dokta akaketi kwa kishindo. "Kwa nini hukunifukuza?"

"Kila mpangaji aliyekutazama usoni aliacha kulalamikia mchicha wangu. Wengine sasa wananunua matunda yao wenyewe. Nikufukuze kwa lipi?"

"Nipe sahani moja tu, mama. Nakufa."

"Niachie sanduku. Kuku wangu hawachagui unga."

Dokta hakubisha. Alikula mpaka akalamba vidole, kisha akalitazama papai. Mama naye akainama chini ya meza, akatazama kwa muda mrefu.

"Hivyo viatu," akauliza kwa upole, "ni ngozi halisi?"

Dokta akashusha pumzi, akaanza kufungua kamba.